Usiseme "Tamu": Mwongozo wa Kuusifu Mchuzi, Kilosa hadi Mikumi

Kondakta anapiga bodi la basi kwa kiganja na kutangaza: "Dakika kumi! Kula na kuchimba dawa, dakika kumi tu!" Uko Mikumi. Nyuma yako kuna kilomita 50 za barabara inayokata katikati ya hifadhi, ambako dereva alikuwa akinyata kwenye matuta huku abiria wa dirishani wakioneshana twiga na pundamilia. Njaa imeshakomaa. Unavuka kwenda kwa mama lishe, unanawa kwenye ndoo yenye bomba, unaketi kwenye benchi, na sahani inatua: wali, maharage, mchicha, kipande cha perege na mchuzi wake. Unakula kwa kasi ya mtu anayesubiri honi. Mama anakuja kuchukua sahani, anakuuliza, "Vipi mwanangu, mboga?" Nawe unajibu, "Tamu, mama." Unalipa, unakimbia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jibu hilo.

Mama yule ameamka saa tisa usiku. Amechambua mawe kwenye maharage kwa mwanga wa tochi ya simu, ameyachemsha, ameyaunga kwa kitunguu na karanga, ameonja mara tatu, ameongeza maji, ameonja tena. Kwa kazi yote hiyo umempa neno lile lile ulilompa asubuhi muuza biskuti pale stendi ya Msamvu. Soda tamu, biskuti tamu, embe tamu, usingizi mtamu, sauti ya mwimbaji tamu, na maharage yaliyokesha jikoni nayo matamu. Mama hajui umependa nini. Hajui arudie nini kesho.

Kwa hiyo sharti la kwanza, nalo ni gumu kuliko yote yatakayofuata: lifungie neno "tamu" kabatini kwa siku saba. Litoe kwa ruhusa maalumu tu. Chai yenye sukari, ruhusa. Embe lililoivia mtini, ruhusa. Ukitoka Mikumi ukashika barabara ya Ifakara, utafika kwenye mashamba ya miwa ya Ruembe na Kidatu, na hapo ruhusa ni kamili, kwa sababu muwa ni mtamu na hauna sifa nyingine ya kugombea. Ila supu ya kongoro isiitwe tamu. Wala dagaa. Wala mlenda.

Sisemi kwamba neno lenyewe ni kosa. Pwani watu husema maji matamu kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, na hakuna aliyetia sukari kisimani. "Tamu" ya Kiswahili tangu zamani imebeba maana mbili, ya sukari na ya kila kinachopendeza kinywani. Lakini neno linalobeba kila kitu halielezi chochote, na lugha yetu ina maneno mengine mazuri mno kwa ajili ya chakula cha chumvi, maneno ambayo mama lishe anayatumia kutwa nzima na abiria anayasahau pindi anapoulizwa.

Ukae kwanza ujue kwa nini nimekuleta huku. Sufuria za Kilosa na Mikumi zimekaa njia panda. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani inapita Kilosa kando ya Mto Mkondoa, na tangu 2024 treni ya umeme ya SGR nayo inapita wilayani humo ikielekea Dodoma. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita Mikumi ikiwa na malori ya Zambia na Kongo. Vitunguu vinatoka Malolo na Ruaha Mbuyuni, vikiwa vimepangwa kwenye magunia kando ya lami. Nyanya zinashuka kutoka Ilula. Mchele na samaki wanapanda kutoka bonde la Kilombero. Nazi inatoka pwani. Ng'ombe na mbuzi ni wa wafugaji wa Kimaasai na Kiparakuyo, kunde na mbaazi ni za mashamba ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Kuna hata kata inayoitwa Ulaya, katikati ya Kilosa na Mikumi, kwa hiyo mtu wa huku anaweza kutoka Ulaya asubuhi na kula ugali mjini mchana bila kuonesha pasipoti. Mahali penye vyakula vingi namna hii, ulimi wenye neno moja ni ulimi wenye njaa.

Shuleni tulichora ulimi. Mwalimu alituelekeza: ncha ni ya utamu, pembeni chumvi na uchachu, nyuma uchungu. Tulipata vema kwenye daftari. Mchoro ule ulikuwa na makosa. Ulitokana na kazi ya Mjerumani D. P. Hänig ya mwaka 1901, ambaye alipima tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi, na waliomsoma baadaye wakaikuza hadi ikawa ramani yenye mipaka kama ya wilaya. Ukweli ni kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vionjeo huhisi ladha zote. Jaribu: weka chembe ya chumvi kwenye ncha ya ulimi, mahali palipopewa utamu, uone kama hutaihisi.

Na ladha zenyewe hazikuwa nne. Mwaka 1908, mwanakemia wa Tokyo aitwaye Kikunae Ikeda alijiuliza kwa nini supu ya mwani wa kombu ina ladha isiyo ya sukari, wala ya chumvi, wala chachu, wala chungu, na bado ndiyo inayoifanya supu iwe supu. Alichotoa kwenye mwani ule ni glutameti, na ladha yake akaiita umami, kutokana na neno la Kijapani la kitu kinachopendeza kula. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto, maana yake asili ya ladha. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akapata nyingine ya aina hiyo kwenye samaki mkavu. Baadaye Akira Kuninaka akaonesha jambo linalotuhusu moja kwa moja: ladha hizi zikikutana sufuria moja, hazijumlishwi tu, zinazidishana.

Sasa rudi Mikumi uangalie mama lishe anavyopika dagaa. Nyanya iliyoiva ina glutameti nyingi kuliko nyanya mbichi. Dagaa, kwa kuwa ni samaki mkavu, ana ile ya Kodama. Mama anavikutanisha kila siku ya Mungu. Na wewe mwenyewe ulianza kabla hujajua kusema, kwa sababu maziwa ya mama yana glutameti nyingi kuliko ya ng'ombe. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema Waafrika hatuna ladha hiyo, mpe kijiko.

Watu waliosoma hunisumbua wakitaka nomino. Umami kwa Kiswahili ni nini? Mimi nadhani swali limeelekezwa pabaya. Kiswahili hakikuiweka ladha hii kwenye nomino wala kwenye kivumishi. Kiliiweka kwenye kitenzi. Chakula cha sukari *ni* kitamu, basi, kimekwisha. Chakula cha chumvi kinafanya safari: kinapooza, kinakolea, kinanoga, kinazidi. Ukitaka kukieleza, sema kimefika wapi. Hilo ndilo jambo lote ninalotaka uondoke nalo, na mengine yote humu ni mazoezi yake.

Nikupeleke Kilosa mjini, kwenye ua mmoja usio mbali na stesheni, nikuoneshe safari hiyo ilivyo. Mama mwenye nyumba ana umri wa kuwa bibi yangu. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibu, kaa kwenye kigoda." Dagaa wake amewachambua mchanga na vichwa, amewaosha kwa maji ya moto, amewakamulia ndimu kukata shombo, kisha amewaanika kwenye ungo wakauke. Anawatia kwenye mafuta ya alizeti. Wanalia. Anawasikiliza zaidi ya kuwaangalia. Mlio ukiwa mzito, bado wana maji, ukiwa mwepesi na mkavu, anawaepua. Katika mafuta yale yale anaweka kitunguu, anakiacha kibadilike rangi taratibu, halafu nyanya. Hapo hana haraka. Nyanya zinapondeka, zinatoa maji, maji yanakauka, rojo linakuwa jekundu lililokoza, na mwisho mafuta yanajitenga na kuelea pembeni ya sufuria. "Mafuta yakielea, nyanya zimeiva," anasema. "Kabla ya hapo unakula uchachu."

Anarudisha dagaa, anatia chumvi, anaongeza maji kidogo. Kisha anafanya lile jambo ambalo kila mpishi wa kwetu analifanya na sijaliona kwenye kitabu chochote cha mapishi. Anachota mchuzi kwa mwiko, anadondosha tone kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, analamba. Anatazama pembeni, kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa mbali.

"Bado."

Chumvi nyingine, ncha ya vidole vitatu. Dakika mbili. Tone kiganjani.

"Inakuja."

Funiko. Moto unapunguzwa, kuni moja inavutwa nje ya mafiga. Tone la tatu.

"Haya, imekubali."

Hakusema "tamu" hata mara moja. Jifunze kiganja hicho, kwa sababu kina sababu zake. Mchuzi ukiwa kwenye mwiko unaunguza, na ulimi uliounguzwa hauonji. Kiganjani tone linapoa kwa sekunde moja, linafika mdomoni likiwa na joto la mwili, na ladha inajionesha bila kujificha nyuma ya moto. Na jifunze maneno yake kwa mpangilio wake, kwa kuwa ni ngazi.

Chini kabisa kuna *chapwa*. Maharage chapwa ni maharage na maji, kila mtu na lake. Jirani yake ni *kupooza*: mchuzi umepooza, ulikuwa na kitu lakini hakina nguvu. Wali wa jana uliochemshwa tena bila kuungwa unapooza. Kisha *haijakolea*, ambayo ni habari ya matumaini, maana ina "ja" ndani yake, bado kidogo. Kisha *imekolea*. Chumvi imekolea, nazi imekolea, rangi imekolea, na mapenzi pia hukolea, na kote huko maana ni ile ile: kitu kimeingia ndani, hakiko juu juu tena. Ukisema mchuzi umekolea umesema mpishi alisubiri. Halafu iko *imekubali*, ya chumvi na ya mkono wa mpishi. Na juu ya zote iko *imenoga*. Hili lihifadhi. Kitu kinanoga pale ambapo chumvi, mafuta, kitunguu, nyanya na chenyewe kilichopikwa vimeacha kujulikana kimoja kimoja. Ndiyo sababu sherehe nayo hunoga, na soga hunoga. Kama unatafuta Kiswahili cha ile ladha ya Ikeda, kitenzi hiki ndicho kilicho karibu kuliko vyote, na kina umri mkubwa kuliko maabara yake.

Ukipita hapo unaanza kuteremka upande wa pili: chumvi *imezidi*, kisha *munyu mtupu*, na hapo hakuna msaada isipokuwa viazi na maji.

Kuna watakaosema kiungo cha pakiti kimeondoa kazi yote hii. Sina ugomvi na mama lishe anayetia kijiko cha unga wa mchuzi ili watu 60 wale kabla basi halijaondoka. Nasema tu kwamba sufuria zikitiwa pakiti moja zote huongea kwa sauti moja, na wewe mlaji unapoteza uwezo wa kutofautisha maharage ya Mikumi na ya Chalinze. Mpe mama sababu ya kuacha pakiti. Msifie kitunguu.

Baada ya ngazi, uliza kimepikwaje, kwa sababu jina la mapishi ndilo maelezo ya ladha. Samaki wa *chukuchuku* amechemshwa kwa maji, chumvi na labda ndimu, hana mafuta wala nyanya. Ladha yake ni ya samaki mwenyewe, haina pa kujificha, na ndiyo maana samaki aliyelala hafai chukuchuku. *Kuunga* ni kuipa mboga mwenzake: kunde za kuungwa kwa karanga, kisamvu cha kuungwa kwa nazi. *Rosti* ni rojo zito linaloshikana na mnofu. *Mchemsho* ni supu yenye adabu, ndizi na karoti zikiwa nzima. *Kubanika* ni kukaribisha nyama motoni taratibu, na *kuchoma* hakuhitaji maelezo kwa mtu aliyepita Mikumi usiku. Lile gamba la kahawia linalofanyika juu ya nyama, lenye ladha isiyokuwepo nyama ikiwa mbichi, Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kemia yake mwaka 1912. Ukoko wa wali ni jamaa yake, na ukiukuta umempendelea mwenzako kwenye sahani yake, lalamika.

Kambale wa Kilombero aliyekaushwa kwa moshi anataka sentensi yake mwenyewe. Usiseme "ana moshi", maana hiyo ni lawama. Wali uliopikwa kwa kuni mbichi ndio una moshi. Sema moshi *umemwingia*. Mpishi atajua umeelewa kwamba alitaka hivyo.

Hapa ndipo pua inapoingia, na Kiswahili kimetupa zawadi ambayo hatuishukuru vya kutosha. *Kunuka* na *kunukia*. Herufi moja tu, na inatenganisha jalala na pilau. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha huja kwa pua. Mwenye mafua anajua, hana haja ya mtafiti. Kwa hiyo kabla ya kutia tonge mdomoni, inama kidogo juu ya sahani. Kitunguu kinanukia? Nazi inanukia au imeanza kunuka? Mbuzi ananuka beberu? Dagaa bado wana shombo? Shombo si kosa la dagaa, ni haraka ya mwoshaji. Na maharage yaliyochacha utayajua kwa pua kabla ulimi haujaitwa kutoa ushahidi. Hayo usiyaeleze, yaache.

Kuna ladha ambazo si ladha bali ni mguso, na mtu asiyekulia huku hukosea sana hapo. Mlenda. Mgeni anaonja, anasema "unateleza", kwa sauti ya kulalamika. Ndiyo, unateleza. Umepikwa uteleze. Mlenda usioteleza umeharibika. Sifa yake ni kuvutika, tonge la ugali linapoinuka na uzi mmoja mwembamba ukiwa bado umeshika bakuli, na hodari wa kula huukata uzi huo kwa kuzungusha kiganja mara moja, bila kudondosha. Kinachopimwa ladha kwenye mlenda ni chumvi, ngogwe zilizopondwa ndani yake, na magadi. Magadi ni ya kulainisha; majani hulegea na bamia huteleza zaidi. Yakizidi, ulimi unakuambia sabuni, na neno hilo hilo ndilo la kumwambia mpishi: mama, magadi yanaleta sabuni kidogo. Ataelewa mara moja, maana naye ameyasikia.

Wali unachambuka au ni bokoboko. Ugali umeiva au una unga mbichi, ni laini au una madonge. Na ugali wa dona una ladha ya nafaka ambayo sembe haina, kwa hiyo usiseme ugali hauna ladha kabla hujasema ni ugali gani. Ndizi mbichi na mapera machanga yana ukakasi, ule unaokaza ulimi kama kitambaa kilichokauka juani. Ukakasi si uchungu. Watoto wanajua tofauti, watu wazima tunachanganya.

Na uchungu wenyewe uuheshimu. Chungu cha kupikia na ladha chungu vimepewa neno moja, nami sijui bahati hiyo imetokana na nini lakini inanipendeza, kwa sababu huku uchungu ni chakula. Mchunga ni mboga ya majani chungu kweli, inayochumwa mashambani wakati wa mvua. Ngogwe zina uchungu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi. Usimwambie aliyekupikia mchunga kwamba "ni mchungu ila mtamu". Mwambie uchungu *umetulia*. Karanga zikiwa zimepondwa vizuri na chumvi ikiwa imekubali, uchungu hautoki, unatulia, na hapo ndipo mtu anaongeza tonge.

Neno "kali" nalo limechoka. Limau kali, kisu kikali, jua kali, mwalimu mkali, chai kali, mbwa mkali. Kwa pilipili lipumzishe, utumie kitenzi: pilipili *inawasha*. Ni kitenzi kile kile cha kuwasha moto. Mwaka 1997 Mmarekani David Julius aligundua kwamba kemikali ya pilipili inagonga kipokezi kile kile cha mwilini kinachohisi joto linalounguza. Ubongo unadhani mdomo unaungua kweli. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel akiwa pamoja na Ardem Patapoutian. Bibi zetu waliosema "inawasha" walikuwa wamefika hapo kwa kulamba. Kwa hiyo ukiombwa maelezo ya pilipili ya pale Mikumi, sema inawasha wapi: mdomoni tu, kooni, au inapanda kichwani. Ile ya mbuzi inanukia kabla haijawasha. Ile kichaa haikupi nafasi ya kunusa.

Sasa lililo gumu: kutoa kasoro. Mswahili hamwambii mwenyeji wake kwamba chakula hakina chumvi. Anauliza, kwa sauti ya chini, "Samahani mama, chumvi iko wapi?" Mama anajua, wewe unajua, na heshima imebaki mezani. Mimi napenda adabu hiyo na siombi iondoke. Lakini naomba iwe na mwenzake. Adabu yetu imetufundisha kuficha kasoro vizuri sana, na kwa bahati mbaya imetufanya tufiche hata sifa. Tunakula kimya, tunajilamba vidole, tunasema "ahsante, nimeshiba". Kushiba ni habari ya tumbo. Mpishi alifanya kazi kwa ajili ya ulimi.

Basi jizoeze hivi. Chagua kitu kimoja kwenye sahani, kimoja tu, ukitaje kwa jina, ukipe kitenzi chake. "Mama, kitunguu kimeiva vizuri." "Mama, nazi imekolea kwenye hizi kunde." "Kaka, hii nyama umeikausha bila kuiunguza." Saa kumi na moja alfajiri pale Mikumi, madereva wa malori wakiwa wamezunguka sufuria ya kongoro, nilimsikia dereva mmoja akishusha bakuli na kumwambia muuza supu: "Leo umeipa muda, mfupa wenyewe umeachia." Muuza supu hakujibu. Alichukua upawa, akamwongezea mchuzi bila kumdai. Kongoro huchemka saa nyingi hadi gozi na kano ziyeyuke, mchuzi ushike midomo kama gundi nyepesi, na mle mlikuwa na chumvi, ndimu, tangawizi na pilipili pembeni, basi. Dereva yule alikuwa ameiona kazi yenyewe, zile saa za usiku, na akaitaja kwa maneno sita. Mimi nilikuwa na bakuli kama lake mkononi na nilikuwa nimeshasema "tamu".

Zoezi la nyumbani ni kiporo. Pika maharage jioni, onja kwa kiganja, andika kitenzi. Asubuhi yapashe moto, onja tena, andika. Usiku kucha chumvi imepenya hadi ndani ya punje, wanga umeufanya mchuzi kuwa mzito, kitunguu kimeyeyuka. Kama jioni uliandika "yamekolea" na asubuhi ukaandika "yamenoga", ulimi wako umehitimu, na kabati linaweza kufunguliwa.

Nina ombi moja kwa msomaji mwenye asili ya huku. Maneno niliyoyaorodhesha ni ya Kiswahili, na mengi yanajulikana toka Tanga hadi Kigoma. Lakini Kikaguru, Kisagara na Kividunda vina ya kwao, kwa mlenda ulioshika vizuri, kwa mchunga uliotulia, kwa uyoga wa kwanza wa masika, kwa ugali uliopikwa kwa unga wa kinu. Kama bibi yako yuko Rudewa, au Ulaya, au milimani juu ya Kidodi, mpigie simu jioni hii wakati sufuria iko motoni. Muulize anasemaje anapoonja na ikawa bado, anasemaje ikikubali, na kama lipo neno la pale inapopita kiasi. Yaandike kama anavyoyatamka, kwenye daftari, na tarehe.